Vidonge Vinne vya Alfajiri

Kibondo,
3 Februari 2025

Baba yangu Venanti,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa usingizi, ambao Nadine ameukataa tangu azaliwe. Ana miezi miwili na sauti ya mtu mzima. Godson anakohoa kidogo, baridi ya asubuhi ya hapa unaijua. Baba Godson bado yuko shuleni kwake Gwarama, anakuja mwisho wa mwezi. Mgongo wako je? Unalala?

Nakuandikia kwa sababu juzi nilipopiga simu nikakuuliza unaumwa wapi hasa, ulisema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua, baba. Nilikuwa nasikia mbuzi wa jirani yako. Najua simu unaiweka spika ili usikie, na wote waliokaa hapo wanasikia na wao. Najua pia kuna mambo baba hamwambii binti yake kwa mdomo. Basi tusiambiane kwa mdomo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kabla sijaanza shule, kwa mkaa, kwenye mlango wa stoo. Niandikie. Nitasoma peke yangu.

Dada Shamsi ameniambia umeingia kwenye utafiti wa dawa huko Kasulu mjini. Utafiti gani? Wanakupa nini? Barua mpe Shamsi huyohuyo, siku za gulio anapita hapo kwenu na vitenge vyake, kisha anakuja huku. Hasomi barua ya mtu, nimemwapisha.

Binti yako,
Esteri


Kitanga,
16 Februari 2025

Mwana wanje Esteri,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa shambani nisionekane. Mimi sijambo kwa kadiri ya ugonjwa. Mgongo nikiuinamisha unakataa, nikiuegemeza ukutani unatulia.

Umetaka niseme, nasema. Ni saratani ya tezi dume, na daktari anasema imeshatoka pale ilipoanzia, imeingia kwenye mifupa. Ndiyo huo mgongo. Hakuficha: kwa hatua hii mtu haponi, ila anaweza kusogezwa mbele. Saratani hii inalishwa na homoni ya kiume, kwa hiyo tiba yake ni kuizima homoni hiyo. Kuna sindano kila miezi mitatu, hiyo tunachomwa wote. Juu yake kuna vidonge vinne vyeupe kila alfajiri kabla ya kula, na hapo ndipo penye utafiti. Chupa za wengine zina dawa mpya. Chupa za wengine zina vidonge vitupu visivyo na kitu ndani, na sura ni ileile. Nilimuuliza muuguzi wetu, Sista Generosa, "Mimi nimepata ipi?" Akasema, "Mzee Venanti, hata mimi sijui. Kompyuta ndiyo inajua." Nikamwambia nimekuwa katekista miaka thelathini, kuamini nisichokiona si kazi ngeni. Akacheka.

Nimetia sahihi. Pa ndugu wa karibu nimeandika jina lako. Nakala ya karatasi yenyewe iko humu ndani, itunze.

Baba yako mkubwa Pasikali tulikwenda naye siku hiyohiyo, kwa ugonjwa huohuo. Yeye mwaka jana walishamtoa vile viwili kwa kisu, nisamehe kukuandikia hivyo, na bado namba yake ya damu, ile inayopima saratani, inapanda. Walimpima moyo, wakamkataa. Alitoka ameikunja karatasi yake ndogo kama ya kusokotea tumbaku, akaniuliza, "Wewe je?" Nilimwambia tulipofika barabarani.

Sindano inaniletea joto. Jumapili nilikuwa nasoma somo la kwanza nikalowa jasho mpaka kola, na baridi yote ile. Watu wakadhani ni Roho. Na kifua kimeanza kuuma, hapa penye chuchu. Hilo usimwambie mtu.

Nibebee Nadine.

Baba yako,
Venanti Ndayikunda


Kibondo,
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Sisi tunaendelea. Godson amepona kikohozi, sasa ana maswali.

Nimecheka na kulia kwa wakati mmoja. Kifua kinakuuma wewe, kinaniuma mimi, tofauti yetu ni kwamba changu kina mtu wa kukinyonya. Nisikilize mimi mwenye uzoefu. Acha lile shati la kaki, linakwaruza. Vaa ndani fulana ya pamba iliyozeeka. Loweka kitambaa kwenye maji ya baridi, kaa nacho kifuani robo saa. Hakuna wa kukucheka, na akitokea mwambie aje huku nimpe Nadine wiki moja.

Sasa kuna jambo lingine. Shamsi hulala jirani na baba mkubwa Pasikali siku za gulio. Amesema, bila ubaya, hivi tu kwenye mazungumzo, "Baba yako ni mtu wa kuamka mapema! Kila alfajiri namwona anapita na kopo linalia mfukoni, anaingia kwa mzee Pasikali." Nilikuwa natwanga kisamvu, nikasimama na mchi mkononi.

Vidonge ni vya alfajiri, kabla ya kula, wewe mwenyewe umeniandikia. Na alfajiri uko kwa Pasikali, na kopo linalia. Sitaki kuuliza mara mbili, baba. Vyote vinne unameza wewe?

Esteri wako


Kitanga,
23 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Fulana ya pamba imesaidia. Namshukuru Mungu kwa binti mwenye akili, ingawa leo akili hiyo imenigeukia.

Nameza viwili.

Hujawahi kuniuliza tulivyofika nchi hii, na mimi sikuwahi kusema. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na miwili, Pasikali kumi na mitatu. Mama yangu alibaki ng'ambo, wa kwake pia. Tulitembea siku tatu tukikimbia mauaji, kabla ya kuvuka mto Malagarasi, na chakula chote kilikuwa viazi vitatu vilivyopikwa, alivyovifunga kwenye shati lake. Vilikuwa vyake. Kila siku alikata kimoja, halafu akaniwekea vipande viwili mbele yangu, akasema, "Chagua wewe." Kwetu ndivyo tulivyofundishwa: anayekata siye anayechagua, ili mkataji asidanganye. Siku ya tatu kisu kiliteleza, kipande kimoja kikawa kikubwa waziwazi. Nilichukua hicho. Alikitazama kinaingia mdomoni mwangu. Nina miaka sitini na mitano na bado nakiona.

Kwa hiyo nikifika kwake navipanga vinne mezani, viwili huku, viwili kule. Yeye anachagua. Tunameza kwa kikombe kimoja. Sista Generosa anahesabu vilivyobaki kwenye chupa na hesabu inakuja sawa, sijamwibia mtu.

Na Esteri, vinamfaa! Wiki ya tatu sasa anamaliza sahani ya ugali. Amelima sehemu ya maharage mwenyewe. Joto likitushika tunapepeana kwa kifuniko cha sufuria, anasema, "Venanti, tumekuwa wajane wawili, nani atatuoa?" Sijamsikia akitania tangu mwaka juzi.

Usinihukumu haraka.

Baba yako


Kibondo,
6 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, mimi nimechoka tu.

Nimelia jikoni mpaka Godson akaniuliza, "Mama, kitunguu kiko wapi?" Habari ya viazi nimeisoma na kuisoma. Nimekujua upya. Sasa na wewe nisome.

Kiazi hakikuwa na madhara kwa mtu. Baba mkubwa Pasikali hakukataliwa kwa roho mbaya. Walimpima moyo, ndipo wakamkataa. Nimeifungua ile nakala uliyonitumia, nikiwa nanyonyesha, nikasoma mpaka yale maandishi madogo. Ukurasa wa nne wanasema dawa inaweza kupandisha presha, kuvimbisha miguu, kuusumbua moyo. Ukurasa wa tano wanasema usimpe mtu mwingine hata kimoja. Chini yake kuna sahihi yako, ile nzuri yenye mkia. Nikampelekea tabibu wa kliniki ya watoto anisomee tena, nisije nikawa nimeelewa vibaya kwa sababu ya usingizi. Akasema, "Mama Godson, hujakosea hata mstari."

Na wewe mwenyewe je? Kama ni dawa, unakula nusu, wakati saratani inakula sahani nzima. Wale madaktari wanaandika namba yako wakiamini ni ya vidonge vinne. Kesho kutwa watampa baba wa mtu mwingine kwa kufuata namba hiyo.

Baba, tarehe 24 ni kliniki yako. Mwambie Sista Generosa. Usipomwambia nitampigia mimi, namba yake iko juu ya karatasi. Sikutishi. Nakuambia nitakachofanya, kama ninavyomwambia Godson kabla sijamnyang'anya kisu.

Nakupenda, na nimekasirika.

Binti yako,
Esteri


Kitanga,
26 Aprili 2025

Esteri,

Marahaba. Tu wazima.

Sijazoea kuandikiwa hivyo na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini sikuichana barua yako.

Kliniki nilikwenda. Namba yangu ya damu imetoka 188, sasa ni 131. Daktari aliitazama akasema, "Inashuka, mzee, lakini kwa uvivu." Sista akanitazama. Ulikuwa wakati wa kusema, nami nikainama kufunga kamba za viatu.

Wakijua watanitoa, na Pasikali atabaki na maji matupu. Maharage yake yametoa maua, hajawahi kuwa na shamba zuri hivyo. Viatu tu ndivyo vimeanza kumbana, anasema ni kunenepa. Nakuomba, na wewe unajua mimi huwa siombi. Mwache avune. Juni haiko mbali. Usipige hiyo simu.

Baba yako


Kibondo,
22 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima.

Nadine alilazwa. Malaria, damu ikapungua, siku tisa wodini nikilala chini ya kitanda chake na Godson nimemwacha kwa jirani. Sasa ni mzima, ananyonya kama anadai haki.

Barua yako niliipata siku hiyohiyo tuliyolazwa, nikaisoma kwenye foleni ya maabara, nikaitia kwenye kanga. Sikupiga simu. Ningekuandikia kwamba ni kwa sababu ya mtoto, lakini tulitoka wodini tarehe kumi, na leo ni ishirini na mbili. Hizo siku kumi na mbili sina cha kusingizia. Nilishika simu, nikaiweka. Niliogopa watakutoa kwenye dawa na mimi ndiye nitakuwa nimekutoa. Na uliandika kwamba huwa huombi.

Leo nimeisoma tena wakati nafua, na neno moja limenishika. Viatu. Si kunenepa, baba. Ni ule ukurasa wa nne. Mpeleke baba mkubwa hospitali, si siku ya gulio, sasa hivi. Nimekupigia mara nne tangu asubuhi, simu imezimwa. Namtuma Shamsi na barua hii, na kesho asubuhi nampigia Sista Generosa, ukubali usikubali.

Esteri


Kitanga,
24 Mei 2025

Mwana wanje,

Natumaini mtoto ni mzima.

Barua hii itapishana na yako njiani kama umeandika. Pasikali amefariki Jumatano. Mwanawe Claude alimkuta shambani, ameketi kati ya matuta, ameegemea fungu la maharage aliyokuwa ameyang'oa. Alikuwa amevua viatu. Miguu yake, Esteri, sikuitambua. Tumemzika jana. Niliongoza sala kwa sababu hakuna mwingine, na sauti yangu ilitoka kama kawaida, jambo ambalo limenitisha.

Simu nimeizima. Kila mtu anapiga kunipa pole.

Claude alikuta kopo dogo kwenye mfuko wa koti la baba yake, na vidonge viwili ndani. Alfajiri ile alisema atavimeza shambani, nikamwachia kopo; sijui kwa nini hakuvimeza. Alinionyesha watu wakiwa bado wamekaa msibani, akauliza, "Baba mdogo, hizi dawa ni za nini?" Nikasema za mgongo. Nimesema uongo kwa mtoto wa Pasikali, kaburi halijakauka.

Mimi vidonge nimeacha. Nikivitazama mezani naona vile vipande viwili vya kiazi.

Sijui kama nimemuua. Niambie wewe.

Baba


Kibondo,
1 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Pole. Pole sana, na sijui niiandike mara ngapi.

Umeniuliza kama umemuua. Sijui, baba, na sitakudanganya kwa kukufariji. Ninachojua ni kwamba kama ni kosa, mimi nina fungu langu. Nilisema nitapiga simu, sikupiga. Usilibebe lote kana kwamba hujazaa.

Nilimpigia Sista Generosa Ijumaa asubuhi, ile siku mliyokuwa mnazika, na mimi sijui. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Mama, asante. Mwambie mzee aje, na chupa zake, na hilo kopo. Hapa hakuna polisi, hapa kuna mgonjwa wetu." Nilipopata barua yako nikampigia tena kumwambia kwamba mzee Pasikali hayupo. Nikasikia akiweka kalamu mezani.

Utafanya mambo mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza utamwambia Claude ukweli, mwenyewe, kwa mdomo, kabla hajausikia kwa mtu. Kisha utakwenda kliniki. Najua huna nguvu. Nenda bila nguvu.

Ningekuja. Mtoto bado yuko kwenye dawa ya damu, na Baba Godson anasahihisha mitihani. Nitakuja.

Esteri wako


Kitanga,
15 Juni 2025

Esteri,

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kama ulivyopanga.

Claude nilimkuta anapura maharage ya baba yake. Nilisema nikiwa nimesimama. Alipura mpaka mwisho wa lile rundo ndipo akauliza, "Baba alijua wamemkataa kwa sababu ya moyo?" Nikasema alijua. Akasema, "Basi alichagua." Nilitaka kushukuru, lakini hakuwa ananipa kitu. Siku hizi ananiamkia kwa mbali, mkono hanipi.

Kliniki walinikalisha kwa saa mbili. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Aliandika sana, kisha akasema, "Mzee, ungetuambia. Tusingekufukuza. Tungetafuta namna ya kumsaidia na mwenzako." Hayo maneno ndiyo ninayolala nayo. Namba yangu imepanda, ni 164.

Anasema kwa kuwa kuna mtu alivimeza na amekufa, wana ruhusa ya kuifungua siri ya kompyuta. Wameifungua. Matokeo yangu hayatahesabiwa tena na ya wenzangu. Kama zilikuwa dawa, nitaendelea kupewa, ila vinne kamili. Kama vilikuwa vitupu, nitabaki na sindano. Jibu liko kwenye bahasha. Alitaka kunisomea, nikamzuia.

Nimekaa nayo siku nne. Nikitamani viwe vitupu, ili iwe sikumdhuru Pasikali, natamani pia kwamba sikumpa chochote, na ule ugali aliula bure. Siwezi kuifungua. Wewe ni ndugu wa karibu, jina lako limeandikwa. Fungua. Lolote utakaloandika nitaliamini.

Baba yako,
Venanti


Kibondo,
22 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Watoto wote wawili wamelala mchana kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu Desemba, ndiyo maana naandika kwa utulivu.

Kabla ya karatasi hii niliandika nyingine. Niliandika kwamba vilikuwa vitupu. Ilikuwa barua nzuri, fupi, ningekuponya nayo. Umesema utaamini lolote, na hapo ndipo niliposhindwa. Nimeichoma kwenye jiko la mkaa, nikapika uji juu yake.

Zilikuwa dawa, baba.

Nilimpigia daktari kabla sijashika kalamu. Anasema hawezi kuapa kwamba ndizo zilizomuua. Moyo ulikuwa umeshaharibika, na hakupimwa baada ya kufa. Hawezi pia kuapa kwamba sizo. Hilo hatutalijua, mimi na wewe tutazeeka nalo, wewe kwa muda uliobaki na mimi kwa wangu. Lakini ule ugali aliula kweli. Shamba alilima kweli. Utani wa wajane ulikuwa wake kweli. Ulimpa wiki hizo, na huenda ulimpunguzia nyingine. Vyote viwili ni vyako, na sitakuruhusu kushika kimoja tu.

Sasa hili si ombi. Chupa mpya iko kwa Sista Generosa tangu Ijumaa. Kachukue. Vinne, baba, siyo viwili. Usije ukamlipa Pasikali kwa kunifanya mimi yatima. Nadine ameota jino, na bado hujamwona hata mara moja.

Tunakuja tarehe kumi na mbili Julai. Nitakuona ukimeza.

Binti yako,
Esteri


Kitanga,
6 Julai 2025

Esteri,

Marahaba.

Leo alfajiri nimekwenda mpaka mlangoni kwa Pasikali, kopo mfukoni. Miguu ilinipeleka yenyewe. Claude alikuwa ameshatoka. Nikasimama kidogo, nikarudi nyumbani.

Nimevipanga mezani, viwili huku, viwili kule, nikangoja. Maji yalikuwa ya baridi.

Nimemeza vinne.

Baba yako